Kovu la Uji

Shamba la Pareto, Molo
10 Februari 1957

Shangazi mpendwa Jepkoech,

Chamgei. Natumaini wewe na mumeo Mzee Kemboi mmeamka salama huko Nakuru, na kwamba lile vumbi jeupe la ziwani halimkohozi tena usiku. Hapa Molo baridi inapasua midomo. Mama mkwe bado ananishinda kuchuma pareto, na hachoki kunikumbusha. Mume wangu Kipsang ametolewa kwenye ng'ombe, sasa anafundishwa kuendesha trekta. Akirudi jioni mikono inatetemeka bado, hata kikombe cha chai kinamwagika, nami nacheka.

Shangazi, kuna mama wa hapa aliyelazwa katika hospitali ya misheni huko kwenu. Anasema amekuja daktari mgeni kutoka Uingereza, fundi wa ngozi zilizoungua, ambaye wakati wa vita aliwashona marubani nyuso. Amemnyoosha mtoto mmoja mkono uliokuwa umegandamana na kifua. Je, ni kweli?

Nauliza kwa sababu ya ile shida yangu ya kifua unayoijua, tangu siku niliyomwagikiwa uji. Kovu halijaacha kuvuta. Kila mwaka linavuta kidogo zaidi upande wa kulia, na pale kati pamezama kabisa. Mtoni naenda kuoga peke yangu, wanawake wakiwa wamekwisha kuondoka. Sitaandika zaidi. Barua za hapa hupita ofisini kwa karani, na karani ana macho.

Nakushukuru kwa kitambaa ulichonitumia Krismasi. Nisalimie walimu wenzako.

Ni mimi mtoto wa kaka yako,
Chepkurui

*

Nakuru
3 Machi 1957

Chepkurui, binti wa kaka yangu,

Chamgei mising. Mzee Kemboi anakohoa kama kawaida na anakataa dawa kama kawaida. Shuleni tuna wasichana wengi mwaka huu kuliko madawati, na bibi mkuu ananiambia nishukuru. Nimemwambia nitashukuru wakikaa.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta ni wapi umelitaja jambo lenyewe. Hujalitaja. "Ile shida ya kifua." Ni kifua kikuu? Ni mafua? Chuchu, Chepkurui. Chuchu yako ya kulia imevutwa ndani na kovu. Mtu akiandika pua au kisigino hatetemeki, basi usitetemeke. Na kama karani wa shamba lenu amefungua barua hii, namwandikia yeye hapa: Karani, ikunje, rudi kwenye magunia yako ya pareto.

Daktari ni kweli yupo. Anaitwa Dakta Harcombe. Nilikwenda mwenyewe Jumamosi baada ya vipindi, nikasubiri mpaka akatoka kunywa chai.

Sasa nisikilize. Bibi mkuu huacha majarida yake ya Kiingereza mezani, nami huyasoma yote. Humo nimesoma kwamba huko Ulaya na Amerika wanawake wazima, wasio na ugonjwa, wanajilaza mezani wapunguzwe pua, wainuliwe matiti, ili wafanane na picha. Nilimwandikia mhariri wa gazeti letu barua kali, akaichapisha. Nilisema: ardhi imechukuliwa, kodi ya kichwa tunalipa, je, sasa hata vifua vyetu vipimwe kwa rula ya mtu mwingine? Nasimama hapo hapo. Mwili si ukuta wa kupakwa chokaa kwa sababu wageni wanakuja.

Lakini maziwa ni jambo jingine. Mtoto atakayezaliwa ana haki ya matiti mawili. Kwa ajili hiyo nitakupigania mpaka kwa mkuu wa wilaya. Njoo baada ya Pasaka. Utalala kwangu. Nitakwenda nawe kwa Daktari na nitakutafsiria, maana Kiswahili chake ni cha kumwita mpishi.

Hukuniambia Kipsang anasemaje.

Shangazi yako mwenye haraka,
Jepkoech

*

Molo
5 Mei 1957

Shangazi,

Nilifika salama. Treni ilichelewa Njoro, askari walipekua mizigo ya watu wote, wakafungua hata kibuyu ulichonipa wakanusa maziwa yaliyoganda. Mmoja akasema, "Haya ni mabaya." Mama mmoja akamjibu, "Mabaya ni pua yako, hujui maziwa ya mkaa." Behewa zima likacheka.

Nakushukuru kwa kitanda chako, maana najua wewe ulilala kwenye mkeka. Nakushukuru kwa supu, na kwa kukaa nami kwenye lile benchi la hospitali ukigombana na kila aliyetaka kutupita. Bila wewe nisingemwona Daktari. Hilo nalijua, wala sitalisahau.

Nimechelewa kuandika kwa sababu nilikuwa natafuta namna ya kusema linalofuata bila kukuudhi. Sijaipata, basi naliandika hivi hivi.

Siku ya pili, wewe ukiwa darasani, niliitwa tena. Nesi Anyango, yule mrefu wa Kisumu, ndiye aliyeniandaa. Akaniuliza, "Dada, una mtoto?"

Nikasema sina.

"Una mimba?"

"Sina."

"Basi mbona Daktari anasema umesema hutaki lolote ila kunyonyesha, na kwamba sura ya titi si kitu kwako?"

Shangazi, mimi sikusema hivyo. Daktari aliponiuliza ninataka nini, nilikuwa bado natafuta neno, na wewe ukamjibu. Uliongea kwa muda mrefu. Kisha yeye akaongea kwa muda mrefu, akachora kwenye karatasi, na wewe ukanigeukia ukasema, "Inawezekana." Neno moja tu.

Anyango alinieleza yaliyobaki kwa Kiswahili. Alisema naweza kukaa nilivyo, kovu haliniui. Au Daktari akate kovu, aiachilie ngozi, apandikize nyingine kutoka pajani. Hapo chuchu inaweza kutoka kidogo, inaweza pia kuzama tena. Mirija ya maziwa hataigusa, lakini hakuna ajuaye kama mirija hiyo ilipona moto. Au afanye hayo yote na akate pia nyuzi za ndani zinazoivuta chuchu. Hiyo itasimama na kubaki imesimama, ila mirija hukatika pamoja na nyuzi, na maziwa upande huo niyasahau. Tena akasema Daktari akishika kisu kwa lolote kati ya hayo, kovu jipya laweza kuvimba kuliko la zamani, kwa sababu kuna ngozi zinazovimba na kuna zisizovimba.

Hayo yote Daktari alikwambia wewe. Kwa nini mimi niliyapata kwa Anyango?

Kipsang anakusalimu. Trekta sasa inamtii.

Chepkurui

*

Nakuru
19 Mei 1957

Chepkurui,

Mzee Kemboi mzima. Mvua zimeingia, paa linavuja juu ya vitabu vyangu tu, vyombo vyake vyote vikavu.

Ndiyo, nilisema hivyo. Ulitaka niseme nini? Ulikuwa umeinamisha kichwa kama mtu anayesubiri hukumu. Nje kulikuwa na foleni ya watoto walioanguka motoni, vidole vimeshikana, shingo zimevutwa mpaka kidevu kinagusa bega. Je, ningemwambia Mzungu yule, "Huyu anataka apendeze"? Angekuandikia mwaka ujao. Nilimpa sababu nzito ili asikusukume nyuma. Sioni kosa.

Na sikukutafsiria yote kwa sababu yote hayakuwa na maana. Njia ya tatu ni upuuzi. Mwanamke asiye na mtoto bado, akate maziwa kwa hiari yake? Ili nini? Nani ataiona hiyo chuchu? Kipsang? Alikuoa ukiwa na kovu, alijua. Ukimpa mtoto titi moja, mwaka wa kwanza utasifiwa kwa ushujaa; akiugua siku moja tu, mama mkwe wako atahesabu matiti. Najua wanawake, mimi ni mmoja wao.

Kwamba mirija huenda iliungua, ni kweli alisema. Huenda. Huenda pia haikuungua. Mimi nashika huenda iliyo upande wa mtoto.

Nimesoma kuhusu mambo haya, Chepkurui, nawe hujasoma. Fikiri kwanza, ndipo uniandikie.

Jepkoech

*

Molo
21 Julai 1957

Shangazi,

Sisi wazima. Ng'ombe wawili wamezaa. Natumaini na nyinyi ni wazima.

Nimefikiri. Nimechelewa si kwa hasira, ni kwamba nimekuwa nikikumbuka kitu, na nilitaka nikikumbuke vizuri.

Nilikuwa mdogo, uji ulikuwa haujanimwagikia bado. Ulikuja nyumbani kutoka misheni umefunga kitambaa kichwani mpaka shingoni. Wewe kama wanawake wote wa ukoo ulikuwa na masikio yaliyotobolewa na kuvutwa, yakining'inia karibu na mabega. Siku hiyo ulifungua kitambaa, na masikio yalikuwa yamekatwa na kushonwa, mafupi kama ya mtoto. Bibi alilia, akasema hatakutambua ukija kwa mbali. Baba akakuuliza, "Dada, ulikuwa husikii?" Ukamjibu, "Nilisikia sana. Nimechoka kutazamwa kabla ya kusikilizwa."

Nilikuwa mdogo lakini nililishika jibu hilo.

Shangazi, masikio yako hayakukuuma. Hayakukuzuia kazi. Hakuna aliyekwambia sababu yako si nzito. Ulilala mezani kwa sababu masikio yalikuwa yako na ulitaka yawe vile. Mimi nakusifu kwa hilo mpaka leo.

Sasa nisikilize wewe. Uji ule haukuniuliza. Tangu siku hiyo kila mtu ana neno juu ya kifua changu: bibi alisema kitapona, mama alisema nisionyeshe, mama mkwe anasema ni bahati mbaya ya nyumba, wewe unasema ni cha mtoto ambaye hajaja. Mimi sijasema. Ninalosema ni hili: nikijitazama nataka kuona titi, nisione mahali palipoungua. Maziwa ya upande huo nimeyaaga. Upande wa kushoto ni mzima. Nataka njia ya tatu, na nataka umwambie Daktari kwa maneno yangu. Usipotaka kumwambia, nitakuja na Anyango atamwambia. Lakini ningependa iwe wewe.

Chepkurui

*

Nakuru
18 Agosti 1957

Chepkurui, mtoto wa kaka yangu,

Chamgei. Mzee Kemboi anakusalimu, na ana ujumbe wake, nitauandika hapa chini.

Barua yako iliniudhi sana. Nilianza kukujibu mara kadhaa, na kila jibu lilikuwa zuri, lenye hoja zilizopangwa, na kila moja nililichana. Siku moja nilikuwa nazungumza peke yangu jikoni. Mzee akauliza, "Unagombana na nani?"

"Na Chepkurui."

"Mbona hayupo?"

"Ndiyo maana nashinda."

Akasema, "Basi mwite aje, tuone." Huo ndio ujumbe wake.

Nimetafuta tofauti kati ya masikio yangu na titi lako. Nimetafuta kwa uaminifu, na wewe unajua nikitafuta hoja huwa napata. Hii sikuipata. Mkono wangu uliandika gazetini kuhusu mwili usiopakwa chokaa, na hereni zilikuwa hazina mahali pa kuning'inia. Umenishinda. Liandike mahali, maana sitalirudia.

Nilirudi kwa Dakta Harcombe. Nikamwomba Anyango asimame kando anikague neno kwa neno, naye alinikagua, tena kwa furaha isiyo ya lazima. Nikamwambia Daktari: "Nilikuambia nilichotaka mimi. Anachotaka yeye ni hiki." Nikayasoma maneno yako. Akasema kwamba rubani mmoja alimwambia karibu hivyo hivyo juu ya kope za macho yake, na kwamba hakuwahi kuona sababu ya kumbishia. Kumbe nilikuficha nyuma ya mtoto bure. Asingekusukuma nyuma.

Halafu akaomba kuona masikio yangu. Ndiyo, yangu. Alinishika sikio kama mtu anayenunua mbuzi sokoni, akaligeuza kwenye mwanga. La kushoto mshono wake umelala, hauonekani. La kulia una uvimbe kama punje ya hindi, mgumu, ndiyo maana navaa kitambaa upande. Akasema hiyo ndiyo habari aliyokuwa akiitafuta: ngozi ya ukoo wetu huinuka, si kila mahali, lakini huinuka. Hawezi kuahidi. Atatumia uzi mwembamba, utafungwa bandeji ya kubana kwa miezi, usikune, usipake kitu. Ikivimba sana kuna tiba ya eksirei huko Nairobi, ambayo mara husaidia, mara haisaidii. Ngozi ya paja haitakuwa rangi moja na ya kifua. Chuchu haitafanana na pacha wake. Haya ndiyo yote aliyosema, sikubakiza kitu mfukoni.

Ukiyasikia hayo na bado unataka, amekuwekea nafasi mwisho wa Septemba. Sikushawishi kwenda wala kubaki.

Kipsang anasemaje? Naona unaliruka swali hilo kama dimbwi.

Jepkoech

*

Molo
17 Novemba 1957

Shangazi mpendwa,

Nimerudi kwangu, nimekaa mlangoni juani, na kazi ya kwanza ninayofanya kwa mkono wangu wa kulia ni kukuandikia. Kama mwandiko unapanda mlima, nisamehe, bega bado linavuta.

Sijui nianze kukushukuru wapi. Wewe ndiye uso niliouona kabla ya nusu kaputi na uso nilioukuta baadaye, na katikati sijui kama uliondoka. Anyango anasema ulifukuzwa wodini mara nyingi na kila mara ukarudi na hoja mpya. Mama wa kitanda cha pili bado anaigiza ulivyomwambia yule sista wa zamu, "Saa za kuona wagonjwa ziliwekwa na nani, Musa?" Nilicheka nyuzi zikaniuma.

Hukuniambia paja litauma kuliko titi. Mahali alipochuna ngozi paliwaka kama nimekaa jikoni kwenye mafiga. Daktari mwenyewe hakukwambia, nilimuuliza. Kwa hiyo hilo nakusamehe.

Ulikuwa shuleni Anyango alipotoa bandeji ya mwisho, basi nikusimulie. Alishika kioo, nikafumba macho. Akasema, "Dada, nina wagonjwa wengine." Nikafungua. Ngozi ya paja ni nyeusi zaidi, imekaa kama kiraka kipya kwenye blanketi la zamani. Chuchu imesimama. Inatazama pembeni kidogo, kama mtu aliyeitwa jina lake. Si nzuri kama za kwenye majarida ya bibi mkuu. Nililia sana. Anyango akadhani nasikitika, akaanza kunifariji, nikamwambia aniache tu nilie.

Upande wa chini mshono umeanza kuinuka, una kuwasha kusikosemekana. Nafunga bandeji jinsi alivyonionyesha. Mama mkwe alikuja na samli na majivu, maana hapa kila jeraha hupakwa hivyo, na ndivyo nilivyopakwa zamani lile kovu likaota mizizi. Nikamwambia Daktari amekataza. Akasema, "Daktari ndiye anayekupikia?" Nikasema hapana, Mama, ni wewe, na nakushukuru, lakini samli tuitie kwenye ugali. Alinung'unika siku nzima, kisha akaitia kwenye ugali.

Mwambie Daktari asante. Mwambie neno kwa neno.

Mtoto wako,
Chepkurui

*

Nakuru
12 Januari 1958

Chepkurui wangu,

Heri ya mwaka. Mzee amekubali dawa, kwa sababu Anyango ndiye aliyemletea. Siku hizi huja kunywa chai kwetu Jumapili na tunabishana naye mpaka giza.

Nilimpelekea Daktari neno lako. Alisema nikwambie kwamba kuwashwa ni kawaida na ubane bandeji.

Nilimwandikia tena mhariri yule. Nilimwambia barua yangu ya mwaka juzi ilikuwa nusu kweli: kwamba mtu akilazimishwa afanane na picha ni utumwa, lakini mtu akikatazwa kuurudia mwili wake baada ya moto ni utumwa pia, na mara nyingi anayekataza ni jamaa anayempenda. Hakuichapisha. Nusu ya uongo aliichapisha ukurasa mzima.

Nauliza kwa mara ya mwisho: Kipsang?

Shangazi yako

*

Molo
24 Agosti 1958

Shangazi mpendwa,

Tumepata mtoto wa kike. Alizaliwa jioni ng'ombe wakiingia zizini, kwa hiyo ni Cherotich. Ni mnene, ana sauti yako, na hakubali kupitwa.

Nikwambie na la uchungu, maana tumekubaliana hatuachi kitu mfukoni. Maziwa yalipoingia, titi la kulia nalo lilijaa na halikuwa na pa kutolea. Likawa gumu kama jiwe, likawaka. Siku hizo nilisema moyoni, Shangazi alijua. Nililikanda kwa kitambaa cha maji baridi, na kidogo kidogo likatulia, likarudi lilivyo. Mshono wa chini umebaki umeinuka kama kamba nyembamba, hauzidi hapo. Eksirei sikuhitaji. Na Cherotich anashiba. Anyonyapo upande mmoja mpaka mwisho hulala mdomo wazi.

Umeniuliza Kipsang alisema nini. Shangazi, umenifundisha kuandika chuchu bila kutetemeka, lakini alilosema mume wangu aliponiona siliandiki. Jua tu kwamba sikulia.

Jana nilikuwa nimekaa nje namnyonyesha, nguo nimeishusha, sikujifunika. Mama mkwe alikuwa anachambua mboga. Akanitazama kwa muda, akasema, "Hilo la kushoto linafanya kazi ya mawili. Na hilo jingine, lililosafiri mpaka Nakuru likashonwa na Mzungu, ni la nini?"

Nikamwambia, "Hilo ni langu, Mama."

Kisu kikasimama hewani. Nikadhani nimeharibu. Kisha alicheka mpaka mboga zikamwagika, akamwita jirani ng'ambo ya ua: "Wangare! Njoo usikie! Huyu msichana ana titi lake mwenyewe!" Wangare alikuja, akaketi, na hao wawili, wazee wote wawili, wakaanza kuhesabu ni nini katika miili yao kimewahi kuwa chao. Walikaa mpaka jua likazama na hesabu ilikuwa bado ndogo.

Asante kwa kunibishia, Shangazi, na asante kwa kuacha.

Mimi wako wa damu,
Chepkurui